Kwa nini kidonda cha mfupa kinakauka halafu kinafunguka tena

Juzi Jumanne kliniki ya kufunga vidonda alikuja jamaa mmoja wa boda na mfuko mdogo wa karatasi, ile ya kemisti, umejaa pakiti tupu za dawa. Akazimwaga pale mezani moja moja ndio nione, kapsuli za rangi mbili, tembe nyeupe, zingine hata jina limefutika kwa kukaa mfukoni na jasho. Miaka mitatu iliyopita aligongwa na matatu huko Outering, muundi ukavunjika mfupa ukatokeza nje, akawekwa chuma, akapona, akarudi kazini. Sasa hapo mbele ya muundi ana kitundu, maharagwe hata hayaingii, na kila asubuhi anakunja tishu anaweka ndani ya soksi ndio usaha usichafue suruali. Akinunua dawa kitundu kinakauka. Wiki tatu baadaye kinafunguka tena, pale pale. Akaniuliza, "Sista, mbona hizi dawa hazishiki?"

Nimekuwa nesi wa wodi ya mifupa hapa Nairobi miaka mingi na hilo swali naulizwa karibu kila wiki, na huwa nalijibu kwa dakika tano huku foleni imefika nje. Leo nataka kulijibu lote, kwa sababu mtu akielewa hii kitu kimoja tu, yaani dawa inafika wapi na haifiki wapi, yale mengine yote ya maambukizi ya mifupa yanaeleweka.

Wengi wetu tunadhani mfupa ni kama jiwe ama mbao ya kushikilia nyama. Sivyo. Mfupa ni kitu hai, una mishipa ya damu ndani kwenye uboho na una ngozi nyembamba imeuvaa kwa nje ambayo pia inauletea damu. Dawa ukimeza inaingia tumboni, inaingia kwa damu, na damu ndio inaibeba mpaka kwenye shida, hata ya sindano njia ni hiyo hiyo. Kwa hivyo mahali damu haifiki, dawa haifiki. Shika hapo.

Sasa bakteria wakiingia ndani ya mfupa, mwili unapigana nao na usaha unatengenezwa, kama jipu lolote. Lakini jipu la makalio lina nafasi, ngozi inavimba, linaiva linapasuka. Ndani ya mfupa hakuna pa kuvimba. Presha inapanda, mishipa ya damu inabanwa mpaka inafunga, na usaha unapenya vitundu vidogo vya mfupa unatoka nje na kubandua ile ngozi nyembamba, sasa mfupa umepoteza damu ya ndani na ya nje pia. Kile kipande kinakufa. Madaktari wanakiita sekwestramu. Mwili unajaribu kujisaidia, unajenga mfupa mpya kuzunguka kile kilichokufa, na mwishowe kinabaki kimefungiwa ndani kama kokwa ndani ya embe, bakteria wamekaa juu yake wametulia, na usaha wao unatafuta njia ya kutoka. Njia yenyewe ndio kile kitundu kwa muundi wa yule kaka.

Ukimeza kapsuli zinaua bakteria walio kwenye usaha na kwenye nyama ya karibu, ndio maana kitundu kinakauka, na ndio maana mtu anaamini anapona. Wale wa kwenye mfupa uliokufa hawajaguswa. Wanangoja tu dawa iishe.

Haya ndio yanaitwa osteomailitisi sugu, na nikisema ukweli hakuna antibaiotiki ya kumeza wala ya sindano, ya bei yoyote, itayamaliza peke yake kama kipande kilichokufa bado kiko ndani. Lazima kitolewe.

Lakini kuna siku za mwanzo, kabla mfupa haujafa, ambapo dawa peke yake inaweza kutosha kabisa, na hizo siku tunazipoteza sana kwa watoto. Hapa naomba usome pole pole. Mtoto wa miaka sita, saba, ameanguka akicheza mpira kwa ploti, hakuumia sana. Siku mbili baadaye mguu unauma hapo juu kidogo ya goti ama chini yake, usiku anachemka, asubuhi hataki kukanyaga. Nyumbani wanasema amejigonga. Anakandwa kwa maji moto, anapakwa dawa ya kuchua, kuna shangazi anajua mtu wa kunyoosha mishipa, halafu kwa sababu ya homa ananunuliwa dawa ya malaria. Anafika kwetu siku ya nane, mguu umevimba unang'aa. Kuanguka hakuleti homa ya kuchemka hivyo. Mtoto mwenye homa ambaye hataki kutumia mguu ama mkono ni wa hospitali siku hiyo hiyo, sio kesho, na asikandwe.

Kinachotokea ni kwamba mifupa mirefu ya mtoto inakua karibu na miisho yake, na hapo mishipa midogo ya damu inapinda kama kona ya ghafla, damu inaenda polepole. Bakteria aliyeingia kwa kidonda kidogo cha ngozi, mara nyingi anaitwa stafilokokasi aureusi, anasafiri kwa damu, anafika hapo kwa kona na anatulia. Watoto wenye siko seli wako kwa hatari zaidi, na kwao kuna mwingine anaitwa salmonela ambaye hupenda mifupa yao, halafu shida ni kwamba maumivu ya siko seli yenyewe yanafanana sana na haya, kwa hivyo mzazi anazoea, anasema ni yale yale ya kila siku. Kama safari hii maumivu yamekaa sehemu moja tu na homa haishuki, mwambie daktari hivyo, kwa maneno hayo.

Kuna mtego mwingine hapa na umewadanganya hata watu wa hospitali. Eksirei ya siku za kwanza itakuja safi. Mfupa lazima upoteze karibu theluthi ya madini yake, ama zaidi, ndio picha ya eksirei ianze kuonyesha kitu, na hiyo inachukua siku 10 hadi 14. Nimeona mama karudishwa nyumbani, ameambiwa mfupa uko sawa, akarudi wiki ya pili mtoto amebebwa. Picha safi siku ya tatu haimaanishi hakuna kitu. Kinachosaidia mapema ni daktari kuubonyeza mfupa kwa kidole na kupata mahali pamoja panapouma zaidi, vipimo vya damu vya CRP na ESR vinavyoonyesha kama kuna uvimbe mwilini, damu ya kuoteshwa lebu ambayo inafaa kutolewa kabla ya dozi ya kwanza, na picha ya MRI ikipatikana. CRP na ESR zina tabia tofauti, CRP inapanda haraka na inashuka haraka mtoto akianza kupata nafuu, ESR inakokota miguu wiki nyingi, kwa hivyo usishtuke ikibaki juu na mtoto anakimbia. Akishikwa mapema na hakuna usaha umejikusanya, anapewa dawa ya mshipa siku chache kisha ya kumeza, jumla wiki tatu au nne hivi, na anarudi kucheza. Ni wale wale bakteria wanaomsumbua yule kaka wa boda, ila hapa mfupa bado una damu.

Kiungo kikiingiwa na usaha ni dharura kubwa zaidi. Gegedu, ile kitu laini nyeupe inayofunika miisho ya mifupa pale kwa jointi, haina mishipa ya damu hata kwa mtu mzima, inakula kutoka kwa maji ya jointi. Usaha una vimeng'enya vinavyoila, na ikishaharibika haimei tena kama ilivyokuwa. Nyonga ndio inanitisha kuliko zote kwa sababu iko ndani sana huoni uvimbe, na pia presha ya usaha inaweza kukata damu inayoenda kwa kichwa cha mfupa wa paja, mtoto akakua na mguu mmoja mfupi. Mwaka wa 1999 daktari Kocher na wenzake huko Boston waliandika dalili nne za kutofautisha nyonga yenye usaha na ile yenye uvimbe wa kawaida unaoisha wenyewe: mtoto hawezi kukanyaga, homa imepita nyuzi 38.5, ESR imepita 40, seli nyeupe za damu zimepita 12,000. Zikiwa zote nne uwezekano wa usaha ni mkubwa sana. Hapo sindano inaingizwa, maji yanatolewa yanapelekwa lebu, na kama ni usaha mtoto anaenda thieta siku hiyo jointi ioshwe. Kwa mtoto mchanga hata homa inaweza kukosa kabisa, unachoona ni mguu mmoja haurushwi kama ule mwingine, na analia ukimbadilisha nepi. Mama ndio huwa wa kwanza kuona, na ningependa akiona asinyamaze kwa kuogopa kuambiwa anasumbua.

Turudi kwa barabara, maana hapa Nairobi wengi wa watu wazima kwa wodi yetu walitoka huko. Mfupa ukitokeza nje, udongo, mafuta ya lami, kipande cha suruali, vyote vinaingia. Ukiwa hapo kwa ajali, funika kidonda na kitambaa kisafi kabisa ulichonacho, shikilia mguu usicheze cheze, mpeleke. Usipake majivu, usipake kahawa, usirudishe mfupa ndani kwa mkono. Hospitali kitu cha kwanza ni antibaiotiki ya mshipa haraka, ndani ya saa moja ikiwezekana, na sindano ya pepopunda, halafu thieta kuoshwa na kukatwa kila nyama iliyokufa. Kuhusu kuosha kulikuwa na mabishano miaka mingi, wengine wanatumia sabuni wakidhani inasafisha zaidi. Utafiti mkubwa ulioitwa FLOW ulitoka 2015 ukiwa na wagonjwa zaidi ya 2,400 wa mifupa iliyotokeza, na walioshwa kwa sabuni 14.8 kwa kila 100 walirudishwa thieta, wa maji ya chumvi ni 11.6. Maji ya chumvi ya kawaida yakashinda, na wala hayahitaji presha kubwa. Nafurahia sana hilo jibu kwa sababu maji ya chumvi hata hospitali ndogo inayo.

Halafu kuna chuma. Watu wanauliza kwa nini chuma kimoja kinapona vizuri na kingine kinaleta usaha baada ya mwaka. Chukua mtungi wa maji, ule wa lita 20 tunaonunua maji nao mtaani. Ukikaa muda bila kusuguliwa, ndani kunashika utelezi, na ukiingiza maji ukatikisa ukamwaga, utelezi uko pale pale. Bakteria wakifika kwa chuma wanafanya hivyo hivyo, wanajijengea utando unaitwa baiofilmu, wanalala ndani, dawa inapita juu kama yale maji ya kutikisa. Hata seli za mwili zinashindwa kupenya. Maambukizi yakionekana wiki za kwanza, utando ukiwa bado mchanga, daktari anaweza kufungua, akasugua, akaacha chuma na akatoa dawa kali. Yakichelewa mara nyingi lazima chuma kitoke.

Lakini sio kila mara kitoke leo, na hapa wagonjwa hutukasirikia. Mfupa ambao haujaungana, ukichezacheza, maambukizi yanazidi. Kwa hivyo kuna wakati daktari anaamua chuma kibaki kikiwa kimeshika vizuri mpaka mfupa uungane, usaha udhibitiwe tu kwa dawa, halafu ndio kitolewe na kila kitu kisafishwe. Ukiambiwa ungoje miezi sita na bado unatoa usaha unaona umetelekezwa, na wakati mwingine kweli watu wanatelekezwa, kwa hivyo uliza wazi wazi: mnangoja mfupa uungane, ama mnangoja nini? Una haki ya kupata jibu. Goti na nyonga za bandia zina shida hiyo hiyo ya utando, zinaingiwa mara moja au mbili kwa kila 100, na mara nyingi tiba ni kutoa ile ya kwanza, kuweka simenti yenye dawa kwa muda, kisha kuweka mpya.

Thieta niliwahi kusimama karibu sana kwa operesheni ya mama mmoja wa mfupa wa paja. Daktari alipofungua, akachukua patasi ndogo na nyundo, akafungua dirisha kwenye ule mfupa mpya, na ndani kulikuwa na kipande urefu wa kidole changu, cheupe kinachoelekea manjano, kimekauka, kingo zimeliwa liwa kama ukingo wa biskuti iliyotafunwa na panya. Kilipowekwa kwa bakuli la chuma kililia kama kipande cha mti mkavu. Kisha akaendelea kukwangua kuta, zile kuta za kwanza zikikwanguliwa ni nyeupe tu, hakuna damu, anaongeza, anaongeza, mpaka zikaanza kutokea nukta ndogo nyekundu kila mahali kama mtu amenyunyiza pilipili ya unga. Hapo akaacha. Zile nukta ni damu, na damu maana yake mfupa uko hai, na sasa dawa itafika. Sijawahi kuona kitu kinachoeleza huu ugonjwa vizuri kuliko zile nukta.

Kabla ya kukwangua alikuwa amechukua vipande vitano, kila kimoja kwa kifaa chake kisafi na chupa yake, vikaenda lebu. Kwa nini vitano? Kwa sababu ukichukua kimoja ukapata bakteria wa ngozi huwezi kujua kama ndio anayeleta ugonjwa ama ni uchafu wa njiani, lakini bakteria mmoja akitokea kwa viwili ama zaidi huyo ndio mwenyewe. Na swabu ya kupangusa kitundu cha nje haitoshi, pale nje wanakaa bakteria wa kila aina ambao wanaweza kuwa si wale walio ndani ya mfupa, kwa hivyo unatibiwa wa mlangoni na mwenye nyumba anabaki. Ndio sababu pia kama mgonjwa hana homa na hali yake imetulia tunamwambia aache antibaiotiki karibu wiki mbili kabla ya operesheni. Watu hukataa, wanaona ni wazimu kuacha dawa ukiwa na usaha, lakini dawa ya nusu nusu inawaficha bakteria lebu wasimee na hawajafa.

Shimo linalobaki haliwezi kuachwa wazi, litajaa damu iliyoganda na bakteria watarudi. Mara nyingi linajazwa shanga za simenti zilizochanganywa na antibaiotiki inaitwa jentamaisini, zimetungwa kwa waya kama shanga za shingoni, zinatoa dawa pale pale kwa kiwango ambacho damu isingeweza kubeba. Juu yake inahitajika nyama na ngozi nzuri, wakati mwingine daktari wa plastiki anahamisha msuli wa shavu la mguu kufunika muundi. Na kama mfupa uliotolewa ni mrefu kuna ile pete ya chuma ya Ilizarov inayozunguka mguu kwa nje, kutoka kwa daktari Gavriil Ilizarov aliyeianzisha Kurgan huko Siberia, ambapo mfupa unakatwa mahali palipo pazima na kuvutwa milimita moja kwa siku, polepole, na mwili unajaza nyuma yake mfupa mpya. Milimita moja inagawanywa mara nne. Kuna kijana tulikuwa naye, binti yake wa darasa la tatu ndio alikuwa na spana ndogo, alikuwa anaweka alamu na anaandika kwa kitabu cha hesabu kila akikaza, na hakukosa hata mara moja.

Dawa baada ya operesheni kwa mtu mzima kawaida ni kama wiki sita. Zamani tulilaza watu wiki zote sita kwa ajili ya sindano za mshipa, bili inapanda, familia inachangisha. Mwaka wa 2019 ulitoka utafiti wa Uingereza unaitwa OVIVA, watu 1,054 katika hospitali 26, nusu wakaendelea na mshipa na nusu wakahamia kumeza ndani ya wiki ya kwanza. Baada ya mwaka mmoja tiba ilikuwa imefeli kwa 14.6 kwa 100 wa mshipa na 13.2 kwa 100 wa kumeza, yaani kumeza hakukuwa kubaya zaidi. Ila angalia vizuri, wengi wao walikuwa wamefanyiwa upasuaji kwanza, na dawa ilichaguliwa na wataalamu wa maambukizi. Sio ruhusa ya kwenda kemisti kusema nipe ya mfupa. Na rifampisini, ambayo inapenya utando wa chuma vizuri, haimezwi peke yake hata siku moja, bakteria wanaizoea haraka sana, na sisi tunaihitaji kwa TB.

Nikitaja TB, sio kila mfupa unaotoa usaha ni stafilokokasi. Mgongo unaouma miezi, usiku jasho, uzito unapungua, halafu mgongo unaanza kutoka nundu, hiyo inaweza kuwa TB ya uti wa mgongo, na hiyo inatibiwa kwa dawa za TB kwa muda mrefu, miezi 9 hadi 12, wengi bila kukatwa. Miguu ikianza kufa ganzi ama kukosa nguvu nenda siku hiyo. Na kitundu kilichokaa miaka mingi, kumi, ishirini, kikianza kunuka tofauti, kumea nyama ama kutoa damu, kikatwe kipande kipimwe, kwa sababu saratani ya ngozi inaweza kuota hapo. Ni nadra lakini nimeiona.

Sio kila mtu anafaa operesheni kubwa. Mwaka wa 1985 madaktari Cierny na Mader walipanga huu ugonjwa kwa kuangalia mfupa na pia mwenye mfupa, yaani kisukari kimedhibitiwa, anavuta sigara, anakula vizuri, na walisema wazi kuna watu ambao tiba itawaumiza kuliko ugonjwa. Kwa hao kuishi na kitundu na kukifunga vizuri ni uamuzi wa heshima. Mimi naongeza tu kwamba sigara ndio naona watu wanaichukulia kirahisi, na inabana ile mishipa midogo tunayoipigania.

Yule kaka wa boda alikuwa na bahasha yake ya kahawia ya eksirei, nikaiweka kwa mwanga, nikamwonyesha kwa kalamu kipande kimoja cheupe kuliko kingine chote, kama sentimita nne, kimekaa peke yake ndani ya muundi na kivuli cheusi kimekizunguka. Akakiangalia kwa muda. "Hicho ndicho?" Nikamwambia ndicho. Tukaandika tarehe ya kliniki ya daktari wa upasuaji, nikamwambia abebe bahasha yote na barua ya operesheni ya kwanza inayoonyesha ni chuma gani, na apitie kwa ofisa wa ustawi wa jamii kuhusu bima ya afya ya SHA mapema, asingoje siku ya kulazwa. Akaanza kuokota zile pakiti kurudisha kwa mfuko, akashika moja iliyobaki na kapsuli sita, akaniuliza amalize hizo kwanza. Nikamwambia hapana, aziache hapo mezani, na homa ikimshika kabla ya hiyo siku asingoje tarehe.